Majipu Yangu na Ugoro wa Mama Mkwe

Kama umetoka jipu la tatu ndani ya miezi mitatu, na kila unayekutana naye anakuambia umekula maembe mengi, kaa chini unisikilize. Mimi nilitoka kumi na moja. La kwanza lilitoka kiangazi, maembe yakiwa bado maua, kwa hiyo maelezo hayo usiniletee. Naandika nikiwa na miguu yangu yote miwili, jambo ambalo kuna wakati hakuna aliyethubutu kuniahidi, na naandika nikiwa na hasira bado. Wapo ambao ugonjwa huwafundisha upole. Mimi haukunifundisha.

Naitwa Yustina. Nimezaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba, nikaolewa Mwanza na Msukuma, Deusi, karani wa bohari ya pamba. Tulikaa Mkuyuni, vyumba viwili, sisi na binti yetu Leokadia wa miaka mitatu, na mama yake Deusi, ambaye majirani walimwita Mama Kabula kwa jina la binti yake mkubwa. Alitoka Sengerema kuja kumlea mjukuu ili mimi niende kazini. Kazi yenyewe ilikuwa kushona sare za shule katika ushirika wa akina mama, kaptura za kaki kutwa nzima, kwa cherehani ya kukanyaga. Hii ilikuwa miaka ile baada ya vita, sabuni ilipokuwa kitu cha kupanga foleni, na mara nyingi ukifika mbele unaambiwa imekwisha.

Jipu la kwanza lilitoka kwapani. Mama mkwe alilitazama, akacheka, akasema Wahaya tumezoea ndizi, ndiyo maana ngozi zetu laini. Kisha akafungua kikopo chake cha ugoro, akachota kidogo kwa vidole viwili, akaulowanisha na kunibandika. Siku ya tatu lilipasuka. Nilimshukuru kwa moyo wote, maana nilikuwa siwezi hata kuchana nywele.

La pili likatoka pajani, la tatu kwenye kalio, na hapo ndipo nilipojua maana ya kudhalilika. Fundi cherehani asiyeweza kukaa ni wa nini? Nilijaribu kukanyaga nimesimama. Wenzangu walicheka hadi wakatokwa machozi, nami nikacheka nao, lakini jioni hiyo nilirudi nyumbani nikamfokea mtoto bila kosa.

Zahanati tuliyokuwa tukienda ilikuwa na benchi mbili ukumbini. Mwenye jipu la kalio hakai benchi. Nilisimama, nikaegemea ukuta ulioacha chokaa mgongoni, tangu saa moja asubuhi mpaka mganga alipofika saa nne akiwa ametoka kwenye mkutano. Hakuuliza mengi.

"Damu yako chafu," alisema. "Sindano tano za penisilini, moja kila siku."

"Chafu kwa sababu gani, daktari?"

"Mwingine!" aliita kuelekea mlangoni.

Siku ya kwanza nilichomwa. Siku ya pili nilichomwa. Siku ya tatu penisilini ikawa imekwisha, wakanipaka dawa ya zambarau na kuniambia nirudi wiki ijayo. Mzunguko huo niliuzunguka mara nne mwaka ule. Kila mara sindano mbili au tatu, kila mara nafuu kidogo, kila mara jipu jingine. Sikujua kwamba dawa ya nusunusu ilikuwa inamzoesha adui. Nilichojua ni kwamba nguo zangu zote zilikuwa na madoa ya zambarau na mume wangu alianza kulala ukutani.

Simlaumu. Yeye naye alitoka moja shingoni, nyuma, mahali pa kola, akaenda kazini wiki nzima kichwa amekiinamisha. Leokadia akapata vidonda vya usaha mikononi na kwenye mikunjo ya shingo. Vilikauka hapa vikachipua pale. Nyumba nzima ilikuwa inatunga usaha, isipokuwa mtu mmoja. Mama mkwe hakuwa na hata kipele.

Fikiria jinsi akili ya mgonjwa inavyofanya kazi. Usiku huwezi kulala kwa maumivu, mchana unachunguza. Nilimchunguza yule mama. Vidole viwili vinaingia kwenye kikopo, vinapanda puani, vinafuta kwenye kanga, halafu vilevile vinamlisha mwanangu uji. Vilevile vilinibandika ugoro kwapani. Na yeye mzima! Nilianza kuhesabu kila chafya yake. Nilimwambia Deusi, akasema mama yake amelea watoto saba kwa mikono hiyo. Nilimwambia tena, akatoka nje.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na sitalipaka sukari.

Mtaa wetu ulikuwa na kundi la kusikiliza redio. Kila Alhamisi alasiri tulikusanyika kwenye baraza ya ofisi ya tawi la chama, tunasikiliza kipindi cha afya, kisha mtu anasoma kijitabu kwa sauti, tunajadili, na mwisho tunapitisha azimio. Wiki moja kila nyumba ichimbe choo, wiki nyingine kila mtu achemshe maji. Msomaji wa kundi nilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane. Nilijivunia kazi ile kuliko kushona. Akina mama wakubwa kwangu walikuwa wananyamaza nikifungua ukurasa.

Alhamisi hiyo somo lilikuwa usafi wa mikono. Nilikuwa na jipu la saba, chini ya titi, na homa kidogo. Nilisoma mpaka mwisho, kisha nikaongeza maneno ambayo hayakuwa kwenye kijitabu.

"Kuna uchafu mwingine ambao kijitabu hakikuusema," nilisema. "Ugoro. Mtu anachokoa pua kutwa halafu anashika chakula na watoto wa watu. Nyumbani kwangu tunaoza wote, isipokuwa mwenye ugoro."

Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma kwenye mkeka, amempakata Leokadia. Hakuna aliyegeuka kumtazama, kwa adabu, na kutogeuka huko kulikuwa kubaya kuliko kumtazama. Mwenyekiti, aliyekuwa mtu wa haraka, akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyepinga. Tukapitisha azimio kwamba anayetumia ugoro asishike chakula wala mtoto wa mtu mwingine. Tulipiga makofi.

Niliona nimefanya jambo la kishujaa. Lakini majirani walisikia kitu kingine. Walisikia kwamba kuna bibi anayekaa nyumba ambayo wote wanaoza yeye mzima, na wakaanza kunong'ona neno lile ambalo Usukumani likishamshika mwanamke mzee halimwachii. Mwanamke mmoja alimnyang'anya mama mkwe mtoto wake aliyekuwa amempakata pale bombani. Mama mkwe alirudi na ndoo yake tupu.

Asubuhi ya Jumamosi alikuwa amefunga mzigo wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama kawaida.

"Ninakwenda kwangu," alisema. "Mikono hii imepokea vichanga na imeosha maiti. Hakuna aliyekuja kulalamika."

Deusi alimsindikiza mpaka kivukoni Kigongo, akamwangalia akivuka kwenda Busisi, akarudi. Hakunisemesha siku mbili. Mimi nikachemsha vyombo vyote, nikaanika magodoro, nikasubiri kupona.

Jipu la nane lilitoka baada ya siku tisa.

Naomba msomaji uisikie hasira hiyo jinsi ilivyo. Nimemfukuza mama wa mume wangu, nimepoteza mlezi wa mwanangu, nimegeuka mtu wa kuogopwa na nusu ya mtaa, na jipu limetoka palepale kwapani lilipotoka la kwanza. Nilikaa kitandani nikalia kwa sauti, nikampigia kelele Mungu, kisha nikaenda kazini na mkono umeinuliwa.

Kazini kanyagio la cherehani lilikuwa na ukingo wa chuma uliochongoka. Ulinikwaruza kwenye muundi wa kushoto, mkwaruzo mdogo ambao sikuufunga hata kitambaa. Kama wiki mbili baadaye mfupa ule ulianza kuuma kwa ndani. Ngozi ilikuwa nzima, inang'aa, ina joto, na chini yake kulikuwa na kitu kinachopiga. Siku ya nne nilianza kuweweseka, nikamwita Deusi kwa jina la baba yangu. Alinibeba mgongoni mpaka barabarani, tukapata gari la bohari, likatupeleka hospitali kubwa.

Walinipasua muundi jioni ileile. Nilipozinduka kulikuwa na mpira mwembamba unaotoa usaha kutoka mfupani kwenda kwenye chupa. Wakasema nitakaa wiki sita. Nilikaa tisa. Mguu ulikonda kiasi kwamba ningeweza kuuzungusha mkono mmoja, na harufu ya kidonda wakati wa kubadilisha bandeji sitaieleza, ila niseme tu kwamba nilikuwa nafunga macho kwa aibu, si kwa maumivu. Kulikuwa na muuguzi mmoja mnene ambaye kila akinifunga alikuwa anasimulia habari za kuku wake. Kuku hawa wamenisaidia kuliko dawa nyingi. Kitanda cha pili alikuwapo mama mmoja Mkerewe aliyevunjika nyonga, ambaye alinikatia nusu ya mche wake wa sabuni kwa uzi, bila kuombwa, mwaka ule wa sabuni. Watu kama hao ndio wanaokufanya usigeukie ukuta.

Nilitoka vuli ikiisha. Masika yalipoanza, kidonda kilifunguka. Palepale, usaha uleule, kisha kikatoka kipande cha mfupa mweupe chenye ukubwa wa punje ya mahindi.

Daktari wa mifupa alikuwa mtu mzima, mfupi, mkali. Aliiweka ile punje kwenye kibakuli cha chuma, ikalia.

"Mama, hii ni mara ya pili," alisema. "Nitausafisha tena. Ukirudi mara ya tatu, nitaukata chini ya goti. Nakuambia sasa ili usije ukasema sikukuambia."

"Kwa nini vinarudi? Nimefanya kila kitu."

"Kwa sababu vinatoka mahali. Ni vijidudu, vinaitwa stafilokokasi. Vinakaa ndani ya pua ya mtu, hata miaka, havimuumizi. Mkono unavitoa puani na kuvipeleka kwenye ngozi. Ngozi ikichubuka vinaingia, na vikipata damu vinasafiri hadi mfupani. Penisilini ya kawaida hivi vyako vinaicheka, nimeshavipima. Ninayo dawa nyingine, lakini haina maana nikuponye halafu uvirudie nyumbani. Nani anaishi na wewe?"

Nilipokuwa namsikiliza, moyo ulinienda mbio kwa furaha mbaya. Pua! Si nilisema? Nilimtajia mume, mtoto, na mama mkwe wa ugoro aliyekwisha kurudi kwao.

"Nawataka wote," alisema. "Na huyo bibi."

Nilimpa Deusi ujumbe jioni wakati wa kuona wagonjwa. Alikuwa ameshika bakuli la samaki aliowapika mwenyewe, hawakuiva.

"Nikamwambie nini?" aliuliza. "Kwamba pua iliyofukuzwa sasa inahitajika?"

"Mwambie watanikata mguu."

Alikwenda. Siku ya tatu nilimwona mama mkwe mlangoni mwa wodi, kanga mpya, viatu vya plastiki amevishika mkononi kwa sababu ya matope ya kivukoni. Alikuja mpaka kitandani, akafunua shuka bila kuniuliza, akautazama ule mguu kwa muda mrefu. Nilimwamkia. Aliitikia, kisha akavuta kiti.

"Huyo dakitali wako nitampa pua yangu," alisema. "Aweke pamba, aweke kijiti, aweke anachotaka. Lakini ikiwa siyo mimi, utasema. Siyo hapa kitandani. Utasema palepale uliposemea, na mimi nikiwa nimekaa."

"Nitasema, mama."

"Haya."

Siku hiyohiyo walichukua vipimo kwa pamba kwenye pua za wote wanne. Leokadia alipiga chafya, Deusi alitokwa machozi, mama mkwe hakupepesa jicho. Kisha tukaanza kusubiri majibu. Aliyesubiri majibu ya hospitali anajua. Jumatatu unaambiwa Jumatano, Jumatano umeme umekatika, Ijumaa mwenye ufunguo wa maabara ana msiba. Nilikuwa naangalia mguu wangu kila asubuhi kama mtu anayeaga. Niliuchua vidole kimoja kimoja. Niliwaza wenye mguu mmoja wanakanyagaje cherehani, na nikajibu mwenyewe kwamba hawakanyagi.

Daktari alikuja siku ya kumi na moja na karatasi.

"Mume, hamna," alisoma. "Bibi, hamna kabisa, pua yake safi. Mtoto, kidogo. Wewe, vimejaa."

"Mimi?"

"Wewe. Na ni hivihivi vya kwenye mfupa."

Nilibishana naye. Nilimwambia wamechanganya karatasi. Alivuta pumzi, akaniuliza kazi yangu, nikamwambia kushona kaki. Akaniuliza kama vumbi la kile kitambaa haliniwashi pua. Wakati ananiuliza, mkono wangu ulikuwa puani. Nilifanya hivyo kutwa nzima, miaka mitano, nafuta pua kwa kiganja, najikuna kwapa, namfunga mtoto vifungo, namrekebishia mume kola. Mama mkwe alikuwa anatuwekea ugoro juu ya kitu nilichokuwa nakigawa mimi.

Ningependa kuandika kwamba nilitubu pale pale. Sikutubu. Nilikasirika kiasi cha kutaka kuitupa ile karatasi. Mwaka mzima na nusu wa kutafuta mchawi, na hakuna hata mtu mmoja katika zahanati ile aliyekuwa na wazo la kunichungulia pua! Mpaka leo nikifikiria zile siku za kusimama ukutani meno yananiuma.

Basi, haya ndiyo niliyofanya, na wewe mwenye majipu yasiyokoma muulize daktari wako kuhusu haya. Nilikunywa ile dawa nyingine hadi kidonge cha mwisho, wiki nane, hata nilipojiona mzima. Nilipaka marhamu ndani ya pua asubuhi na jioni, na Leokadia pia. Kila mtu taulo lake. Shuka na nguo za ndani zilichemshwa na kupigwa pasi ya mkaa. Kucha fupi. Jipu halikamuliwi. Kazini nilijifunga kitambaa puani, wenzangu wakaniita jambazi. Na kuoga kwa sabuni kila siku, agizo ambalo daktari alilisema kwa wepesi sana, kana kwamba maduka ya Mwanza yalikuwa na sabuni. Tuliokolewa na mama mkwe, aliyechuja majivu, akachemsha na mafuta ya ng'ombe, akatoa miche ya rangi ya udongo. Ilinuka kama jikoni kwa mtu, lakini ilitakatisha.

Maana hakurudi Sengerema. Alibaki, akapika, hakumgusa mtoto wa mtu yeyote. Bombani alikwenda saa ambayo hakuna watu. Kuhusu ahadi yangu hakuniuliza hata siku moja, na mimi nilikuwa na visingizio. Kwanza nilisema kidonda kifunge. Kikafunga. Kisha nikasema tuone masika yapite. Yakapita, kiangazi kikaja, kovu likawa gumu na kavu. Daktari alipiga picha, akaigeuza kwenye mwanga, akasema mfupa umejijenga na hataki kuniona tena. Nilitoka pale natembea kwa fimbo, goti halikunjiki sawasawa, lakini unyayo wangu wa kushoto ulikuwa unagusa ardhi. Njiani nikaishiwa visingizio.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda baraza ya tawi. Msomaji alikuwa mtu mwingine sasa. Niliomba nafasi baada ya kipindi, nikasimama kwa fimbo. Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma kwenye mkeka, peke yake, kuna nafasi kubwa kati yake na wengine.

"Nilisema hapa kwamba ugonjwa wa nyumbani kwangu unatoka kwa mama yangu," nilisema. "Hospitali wametupima pua wote. Pua yake ni safi. Ugonjwa ulikuwa kwangu. Ni mimi niliyewaambukiza mume wangu na mwanangu, na yeye nikamsingizia mbele yenu."

Watu walitazama chini. Mwenyekiti akakohoa, akataka kuendelea na mambo ya vyoo. Nilikuwa nimeshaanza kukaa.

"Subiri," alisema mama mkwe kutoka kule nyuma. "Simama, mwanangu. Sema tena, huku wengine hawakusikia."